Redio ya Gari na Masikio ya Baba

Siku tuliyomtoa baba hospitali kule Mbulu, mdogo wangu alikuja na gari lililooshwa mpaka matairi, na mimi nilikuwa na kaseti kwenye pochi. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, wazee wengi wakiulizwa walijibu kwamba wanatoka Arusha, na magari yaliyotumika Ujapani yalikuwa yameanza kufika hata kwa watu wa kawaida kama sisi. Mdogo wangu alilipenda gari lake, lakini redio aliipenda zaidi. Kila jioni aliichomoa akaenda kuilaza chumbani kwake kwa kuogopa wezi, na asubuhi akairudisha. Mke wake alishanung'unika hadi akachoka.

Ile kaseti tulijirekodi wenyewe wanakwaya, kanisani kwetu Nangwa, mwalimu wetu akiwa kitandani. Mwalimu huyo ni baba. Malaria ilimpanda kichwani, wakamtundikia dripu za kwinini, akapona, ila masikio yakabaki yanavuma. Daktari alisema hali hiyo huisha yenyewe. Baba aliitikia kwa adabu zote na hakuamini hata neno moja.

Tulipomaliza kuteremka mlima nikaona sasa ni wakati wa zawadi. Mdogo wangu akatumbukiza kaseti. Taa za kijani zikawaka, vile vijiti vya taa vikaanza kupanda na kushuka kama kawaida yake. Sauti, kimya. Akaongeza. Kimya. Akaizungusha swichi mpaka mwisho, huku ananitazama kwenye kioo kama vile mimi ndiye niliyeiharibu.

Baba alikuwa amekaa mbele, anatazama vile vijiti vinavyocheza. Kisha akageukia dirishani.

"Punguza, baba," alimwambia mwanawe taratibu. "Mtaumia masikio bure kwa ajili yangu. Nyie nawasikia kwa mbali, kama mko ndani ya pipa. Muziki ndio umeniacha. Tukifika nitawaambia wanakwaya watafute mwalimu mwingine."

Tukapiga kelele wote wawili. "Baba, hata sisi hatusikii! Redio ndiyo mbovu!"

Akatabasamu. "Asanteni, wanangu."

Nyumbani kwetu mgonjwa haambiwi habari mbaya mpaka apate nguvu, na aliyetufundisha hivyo ni yeye mwenyewe. Bibi alipokuwa anaumwa, ng'ombe wake wa maziwa alikufa, na kila asubuhi baba alimpelekea maziwa ya jirani akimwambia ng'ombe anakusalimu. Sasa tungemwapia mara ngapi? Kadiri tulivyosisitiza ndivyo alivyozidi kutuona watoto wenye malezi mazuri. Na wanakwaya walikuwa nyumbani wanamsubiri. Akishatamka mbele yao kwamba anaacha, nilimjua, hangerudi nyuma.

"Simamisha gari," nikasema.

"Dada, nitaipeleka kwa fundi kule Katesh kesho."

"Simamisha."

Tukaegesha pembeni, karibu na shamba la mahindi. Baba akashuka, akaketi kwenye jiwe, mgongo kwetu. Mdogo wangu akataka kuanza na fyuzi. Nikamwuliza fyuzi ingeungua taa zingewakaje. Akatoa kaseti, akatafuta stesheni. Hata ule mkwaruzo wa redio isiyoshika kitu haukuwepo, kwa hiyo kaseti yetu haikuwa na kosa. Ikabaki spika. Alishamwona fundi mmoja akizipima kwa betri ya tochi, basi akabandua kifuniko cha mlangoni, akagusisha nyaya kwenye betri. Spika ikasema krr! Akaenda ya pili. Krr! Zote nzima.

"Baba, umesikia hiyo?" nikauliza kwa matumaini.

"Nimesikia. Hiyo ni kelele, mama. Kelele nasikia."

Nusura nilie pale pale. Mdogo wangu akachomoa redio, akapenyeza mkono kwenye tundu, akatulia. Alipoutoa, alikuwa ameshika plagi yenye nyaya nyingi, inaning'inia, haijachomekwa popote. Redio ile ilikuwa na plagi mbili, moja ya umeme na moja ya spika. Asubuhi, kwa haraka ya kuwahi, alichomeka ya umeme, akaona taa, akaridhika, na njiani, kwa kumwaza baba, hakuiwasha.

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Yeye alikuwa anacheka tu, amefurahi. Akachomeka ile ya pili.

Tulisahau kwamba sauti ilikuwa imewekwa mpaka mwisho. Kwaya ililipuka, mbuzi waliokuwa barabarani wakatawanyika, na baba akaruka kutoka kwenye jiwe kama kijana. Mdogo wangu akakimbilia swichi.

"Acha!" baba akasema. Akaja mpaka mlangoni, akainamisha kichwa, akasikiliza. Sura yake ilikunjamana taratibu.

"Rudisha nyuma kidogo."

Ikarudishwa. Akasikiliza tena, kidole juu.

"Sauti ya pili wameshuka. Hapo, umesikia? Wamewaacha wenzao hewani. Nani aliyekuwa anaongoza sauti ya pili?"

Tulitazamana na mdogo wangu. Sijawahi kupata raha ya namna ile kwa kosa langu mwenyewe.

"Ni mimi, baba."

"Wewe? Na miaka yote hiyo nakufundisha?" Akaingia garini, akafunga mlango kwa nguvu. "Twende. Na uimbe tangu mwanzo, nisikie."

Gari likaondoka, naye akawa anapiga mapigo kwenye dashibodi kwa vidole. Nikaimba. Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka kidevuni, kwa hiyo pale pale pa kosa sauti yangu ikashuka tena, naye akanisikia.