Sinema ya Jumamosi Ilikuwa Great

Mpaka leo nikiliona neno "great" gazetini damu inanichemka. Magazeti ya Kiingereza yalilibandika kila mahali: moto great, hotuba great, sinema great. Nami, mwandishi wa kijigazeti chetu cha Iringa, nikadhani huo ndio ufundi wenyewe.

Jumatano, kabla ya kwenda Mbeya, nilimwachia mhariri makala ya kuisifu sinema itakayoonyeshwa Jumamosi. Nilikuwa nimeona bango lake tu. Nikaandika kwamba ilikuwa great, ukumbi mzima ulilia, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Ijumaa, tukirudi, basi likazama kwenye tope Chimala, tukakwama hapo mpaka Jumapili. Nilifika nyumbani nimefura, nikaandika habari kali: tope great, uzembe great, na mimi msomi mzima nimekalia sanduku la bati humo basini kama kuku wa mnadani.

Gazeti lilipotoka nikaenda mgahawani kujitapa, mjinga mimi. Mzee Abdala, mwenye sinema, alikuwa ameshalifungua. Akasoma kwa sauti habari ya tope ukurasa wa kwanza, kisha sifa za sinema ukurasa wa mwisho. Watu wakaacha chai.

"Mwanangu, Jumamosi ulilia ukumbini au kwenye tope?"

Nikafoka kwamba mhariri amekosea.

"Sawa. Na lile sanduku ulilolikalia, hukuona limeandikwa jina langu?"

Mzee akalikunja gazeti.

"Mkanda wa sinema yenyewe ulikuwa humo. Sisi huku Jumamosi tulitazama shuka tupu ukutani."