Biskuti za Mjane Aafje

Aafje Dircks alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono minene, aliyezungumza na unga kuliko alivyozungumza na watu. Marehemu mumewe alimwachia vitu viwili pale Hoorn, mji wa bandari wa Uholanzi: tanuri, na fungu moja kati ya mafungu kumi na sita ya meli iitwayo Bata Bukini, iliyokuwa ikifuata mbao Norwei. Fungu lenyewe halikumtajirisha. Lakini Hoorn mtu hanunui fungu la meli kwa kuipenda bahari, ananunua ili meli inunue kwake. Msokota kamba alikuwa na fungu, na meli ikapakia kamba zake. Mshona matanga vivyo hivyo. Aafje aliioka biskuti ya mabaharia, na biskuti hiyo ndiyo iliyomlisha.

Mbia mkubwa alikuwa Wybrand, mpika bia, mwenye mafungu matano na usimamizi wa meli, na bia ya melini ilitoka kwake. Mwaka ule Wybrand alimwoza binti yake kwa mwokaji mikate. Ajabu, tangu siku ya harusi biskuti za Aafje zikawa mbaya.

"Mama Aafje, mabaharia wamerudisha mapipa manne hayajaguswa," akamwambia mbele ya wabia wote. "Hata panya wameyapita."

"Labda panya wako walikuwa wamelewa."

Wabia walicheka, lakini alipowauliza nani yuko upande wake, kila mmoja akatazama viatu vyake. Watu wazima na ndevu zao! Aafje akaona wazi kwamba asipopigana atakuwa amemwaga unga, na tanuri la mumewe litapoa. Kesho yake akaenda kushtaki, na aproni yake kiunoni.

Mbele ya waamuzi Wybrand alileta pipa zima la ushahidi.

"Waheshimiwa, hii si biskuti, ni tofali. Onjeni wenyewe."

Mwamuzi mkuu, mzee mwenye kola pana iliyopigwa pasi vizuri, akang'ata. Ukumbi mzima ulisikia ka! Mzee akashika shavu, machozi yakamlengalenga.

"Jino langu!"

Hapo Aafje alijiona ameshashindwa.

"Pole sana, baba," akasema, na ilimtoka moyoni. "Lakini nani alikutuma uile kavu? Mabaharia huichovya kwenye bia. Ningeioka laini, ingeota ukungu hata Norwei hawajaiona."

"Ichovywe basi," mzee akasema kwa upande mmoja wa mdomo.

Wybrand akaruka. "Nitaagiza bia nyumbani kwangu sasa hivi!"

"Wala usijisumbue, Bwana Wybrand. Biskuti imetoka melini, na bia nayo itoke melini."

Wybrand akaanza kueleza kwamba bia ya melini imebaki kidogo, tena imetikiswa na mawimbi, lakini tarishi alikwisha kutoka. Alirudi akisukuma pipa huku uso kaugeuzia pembeni. Walipolizibua, mwandishi wa baraza alikimbia kufungua dirisha, na ilikuwa Januari, barafu imetanda nje.

Nahodha Outger akaitwa, jitu la watu lililokuwa likisokota kofia mikononi kama mwali.

"Safari nzima mlikunywa nini?" mwamuzi akamuuliza.

"Maji, mheshimiwa. Kwa kipimo, kikombe kimoja kimoja."

"Na biskuti?"

"Tulijaribu kuichovya kwenye hiyo bia. Mpishi akatapika. Tukala samaki mpaka tukaanza kunuka samaki."

"Mbona hukusema?"

"Bwana Wybrand ndiye anayeniajiri, mheshimiwa. Nina watoto saba."

Waamuzi hawakuhitaji kunong'onezana. Biskuti haina kosa, Aafje ataendelea kuoka. Aafje akalifunika pipa lake la biskuti. Wabia wale wale wa kutazama viatu sasa walisimama wakipiga kelele kwamba bia ya Wybrand itupwe nje, na msokota kamba akakumbuka ghafla kwamba ana shemeji anayepika bia.

"Wewe ndiye uliyeonewa, mama," mzee akasema. "Unataka nini?"

Aafje alimtazama Wybrand. Huruma hakuwa nayo hata chembe. Ila aliwatazama na wale wengine, akaona shemeji ya msokota kamba naye ataipikia meli makapi yale yale.

"Aendelee kupika yeye," akasema. "Ila safari ijayo naye apande melini, akainywe. Kwenda na kurudi."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na mwandishi akaiandika kama ilivyo.

Majira ya baridi yale Wybrand alipika bia kama ya harusi yake mwenyewe. Mabaharia walianza kuinywa meli ikiwa bado imefungwa gatini. Yeye haikumfaa kitu. Bahari ilimtapisha tangu mlango wa bandari hadi Norwei, tumboni hakikukaa kitu, si bia, si samaki, si mchuzi, ila biskuti kavu.

Mwezi Juni alishuka melini amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Akampita mkewe aliyekuwa akimngoja gatini, akaenda moja kwa moja kwa Aafje, akapanga foleni nyuma ya watumishi wa watu, kofia mkononi.

"Mama Aafje, nifungie biskuti. Zile ngumu."

Aafje alimwangalia kuanzia juu mpaka chini, wala hakuharakisha.

"Kwani mkweo mwokaji hana?"

Wybrand akageuka kutazama mlangoni, kisha akainama karibu na meza.

"Anazo," akasema. "Usimwambie."