Mkate wa Radhi Kutoka Salala

Nilitumwa Salala kuchukua mkate. Nasema hivyo wazi kwa sababu majirani zetu wa Mtongwe walidhani nimekwenda Oman kutafuta kazi, na wengine hadi leo wananiuliza mbona nimerudi upesi. Bibi yangu, Bi Mwanatumu, mama wa mama yangu, alikuwa kitandani na moyo uliochoka. Daktari alituambia tumrudishe nyumbani, na sote tulielewa maana yake. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: radhi ya mdogo wake, Bi Rukia, aliyeolewa Salala zamani.

Walikosana siku mama yao alipofariki. Bibi aliamuru azikwe alasiri ileile, naye Bi Rukia huko aliko bado anatafuta ndege. Alipoambiwa kaburi limeshafukiwa, alisema kwa simu kwamba hana dada tena. Mimi nilikuwa sijaanza shule. Tangu hapo wakawa wanajuliana hali kupitia watoto wao, basi.

Sasa, kwa wazee wa ukoo wetu radhi haiwi kamili kwa mdomo. Anayesamehe hupika chakula, akakifunga kwa jani la mgomba kwa mkono wake mwenyewe. Anayesamehewa hukifungua kwa mkono wake, akala. Njiani hakifunguliwi. Kikifika wazi, ni kama kimerudi kilikotoka. Nimesoma sosholojia chuo kikuu, na tabia yangu ya kuhoji kila kitu imeshawachosha nyumbani: nimeuliza kwa nini tunasoma hitima, kwa nini maji ya kombe, yaliyooshewa aya, yanywewe, nani alisema. Hili nalo nikaliuliza. Nikamwambia Bibi, simu ipo, si azungumze na dadake wamalize?

"Maneno ya simu hayaliki," akanijibu, na akageukia ukutani.

Pasipoti nilikuwa nayo mimi peke yangu, kwa hiyo nikaenda mimi.

Siku ya kuondoka, Mama alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege kule Changamwe. Njia nzima alikuwa akinifunda kama bwana harusi: nisimbishie Bi Rukia, nisimkosoe, nikiulizwa nijibu. "Na wewe usiulize," akamalizia. "Kwa wiki moja tu, Salimu, jifanye hujasoma." Tulicheka, lakini alipogeuka kwenda niliona anajifuta macho kwa ncha ya leso.

Dubai sikuiona. Nililala kitini nikingoja ndege ya pili, na nilipoamka shingo iliuma.

Salala niliifikia wakati wa manyunyu yao. Nilitarajia jangwa. Badala yake nilikuta ukungu umeushukia mji mpaka kwenye taa za barabarani, na mvua nyepesi isiyonyesha wala kukatika. Kando ya njia kuna migomba na minazi, na vibanda vinavyouza madafu na ndizi. Kwa dakika chache nilihisi sijaondoka kwetu Likoni, ila ni Likoni ambayo mtu ameizimia jua. Mwanawe Bi Rukia, aliyenipokea, aliniambia watu hutoka mbali kuja kufurahia ukungu huo. Nilimwangalia kama ananitania.

Bi Rukia alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomdhania, na Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, kisafi, kama kilichowekwa kabatini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniketisha. Kabla sijainywa kahawa aliuliza swali lake.

"Amekutuma yeye, au mamako?"

"Yeye."

"Alisemaje?"

"Alisema ataka kula mkono wako."

Alininyanyulia sahani ya halua, akaingia ndani.

Siku mbili zilizofuata hakuna kilichopikwa kwa ajili ya Mtongwe. Nililishwa vizuri, nikatandikiwa vizuri, nikaulizwa habari za kila mtu isipokuwa mmoja. Kila nilipompigia Mama aliniambia Bibi amepunguza kula, na kwamba anauliza mkate umefika wapi. Nilikaa barazani nikitazama manyunyu. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Siku ya tatu asubuhi niliamshwa na harufu ya iliki. Bi Rukia alikuwa ameroweka mchele tangu jana bila kuniambia, ameusaga, ameuchanganya na tui la nazi, na sasa alikuwa akiupalia mkate wa kumimina moto juu na chini, makaa kwenye kifuniko, kama wanavyopika kwetu. Akaniambia nikae nimfukuzie moshi. Hapo ndipo alipoanza kusema mwenyewe. Alinisimulia kwamba siku ile alikuwa tayari uwanjani, begi mkononi, alipoambiwa mama yake kashazikwa. Akarudi na begi nyumbani, na hakulifungua kwa muda mrefu.

Nikasahau nilivyofundwa. Nikamwuliza, kwani Bibi alikosea? Si ndivyo dini inavyotaka, maiti isicheleweshwe?

"Hakukosea," akasema, akipuliza makaa. "Angekosea ningemsamehe zamani. Mtu aliyefanya sawa, utamsamehe nini?"

Nikaendelea kumfukuzia moshi.

Mkate ulipopoa alikata jani kwenye mgomba wa uani, akalipitisha motoni lilegee lisipasuke, akaufunga mara tatu kwa kamba aliyoichuna kwenye mgomba huohuo. Nilitoa simu nimpige picha. Akaifunika kwa kiganja. "Hii si harusi," akasema. Kisha akanikabidhi furushi kwa mikono miwili. "Mwambie nimefunga mimi."

Ndani ya ndege ya kutoka Dubai nilikaa karibu na mama mmoja wa Bombolulu, mfanyabiashara wa mabaibui. Aliliona furushi mapajani mwangu, akauliza. Nilipomwambia nitalitangaza kwa watu wa forodha, alinicheka kwa huruma. Sanduku lake mwenyewe lilikuwa na maembe, jibini na miche miwili ya mrihani iliyofungwa kwa soksi.

"Mwanangu, wewe umesoma wapi?" akaniuliza. "Pale hapapitwi kwa kusema. Tia ndani ya kanzu, pita mlango wa kijani, itikia salamu, toka. Ukisema una chakula umejitafutia."

Nilimweleza nilivyofikiri. Mtu akificha akakamatwa, kila kitu huchukuliwa. Nilikuwa nimesoma kanuni mapema, na nilijua kwamba mkate uliookwa hauna neno. Nyama, matunda mabichi, mbegu na miche ndivyo vinavyotaka kibali. Kwa hiyo ukweli ndio njia salama kwa furushi langu. Hesabu ilikuwa nzuri. Ilikosa kitu kimoja, na hakuna mtu wa kwetu ambaye angekikumbuka: jani. Kwetu jani la mgomba si mmea. Mmea ni ule uliosimama shambani. Likishakatwa na kupitishwa motoni ni karatasi tu, ni kifungio, na hakuna anayetangaza karatasi.

Tulitua mchana, jua kali. Mama wa Bombolulu alipita mlango wa kijani akivuta sanduku lake na akimwuliza askari habari za watoto. Mimi niliingia mlango mwekundu, wa wenye cha kutangaza, peke yangu. Mtu wa forodha alilitazama furushi, akamwita afisa wa mimea, dada mmoja mwenye glavu na sauti ya upole.

Aliuliza nimebeba nini. Nikasema mkate. Akasema mkate hauna shida, kisha akaligeuza furushi chini ya taa, akabonyeza jani kwa kidole.

"Hili ni bichi."

"Limepitishwa motoni."

"Limepashwa, kaka. Halikuiva. Tazama mshipa." Alinionyesha mshipa wa katikati, na kweli ulitoa maji. Kamba nayo ilikuwa hivyohivyo. Akanieleza bila haraka kwamba migomba ina maradhi yanayosafiri kwa majani na kwa wadudu wadogo waliojificha ndani yake, na yakiingia shamba moja hakuna dawa, ni kung'oa. Akaniuliza natoka wapi. Nilipomjibu Mtongwe, akauliza kama kwetu kuna migomba.

Ipo. Inaanzia nyuma ya jiko letu mpaka kwa jirani.

Nilimwuliza maswali yangu yote. Je, haiwezekani mtu aje nami nyumbani, lifunguliwe huko, aondoke na majani? Akasema akimfuata kila msafiri kwao, hapo atabaki nani. Je, lisubiri hapo, Bibi aletwe? Nikasikia mwenyewe upuuzi wa swali: Bibi alikuwa hawezi hata kuketi. Nikamweleza kuhusu radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nadhani alinielewa, kwa sababu hakutabasamu.

"Una njia mbili," akasema. "Ufungue utoe mkate, majani yabaki. Au liende lote kuchomwa. Nikikuachia hivi, nitakuwa nimekupendelea wewe, si kupitisha mkate."

Nilitafuta kosa katika maneno yake kwa sababu nimezoea kulipata. Sikulipata. Alikuwa amefanya sawa.

Nililifungua mwenyewe, maana sikutaka likatwe kisu. Kamba ilikuwa imefungwa kwa nguvu nisizozitarajia kwa mikono ile. Harufu ya nazi ikajaa pale mezani. Nikaomba nipige picha, nikakumbushwa kwamba eneo hilo halipigwi picha. Dada yule akanipa mfuko safi wa karatasi, akayatia majani ndani ya pipa lenye kifuniko. Akaniambia pole. Nje nilimwona mama wa Bombolulu anapakia sanduku kwenye teksi. Alinipungia mkono.

Mtongwe niliingia saa ya kuadhiniwa alasiri. Mama alikuwa mlangoni. Alitazama mfuko, akanitazama usoni, akaelewa. Alishauri tukate jani jipya la nyuma ya jiko, tuufunge upya, Bibi asijue. Nilikataa. Nilimwambia Bibi hakunituma Salala nije nimdanganye kwa jani la uani kwake. Mama akasema, "Haya, mwenye ukweli, ingia nao."

Bibi alikuwa amelalia mito mitatu. Niliposhika mkono wake kumwamkia alishaanza kuuliza furushi liko wapi. Nikautoa mkate kwenye mfuko, nikamweleza yote: ukungu, siku mbili za kimya, makaa, jani, uwanja wa ndege. Alinisikiliza macho yake yakiwa kwenye mkate.

"Alofungua ni nani?"

"Ni mimi, Bibi. Nililazimika. Lakini alofunga ni yeye, kwa mkono wake. Kasema nikwambie."

Mama alimega kipande kidogo akamtia mdomoni, labda ataijua ladha ya nyumbani kwao. Alikitafuna polepole, kisha akakitoa kwenye leso. Alisema dawa zimemharibu ulimi, kila kitu kina ladha ya chuma. Mkate wowote wa dukani ungekuwa huohuo. Kufungua furushi ndiko kungemwambia ni mkono wa nani.

"Mwajua nyote nakufa," akasema. "Mtu atamleteaje mgonjwa habari mbaya? Huenda alikukataa, nawe ukaona haya kurudi mikono mitupu."

"Wallahi, Bibi, alifunga yeye."

Hapakuwa na hasira katika uso wake, na ningependa ingekuwako.

"Wewe mjukuu wangu huamini kitu," akasema. "Hitima huamini, kombe huamini, kila siku wataka ushahidi. Wallahi yako nitaishika vipi?"

Mama alimpigia Bi Rukia simu palepale. Bibi alikifunika kichwa kwa leso, akakataa kuipokea, na Mama akaikata kabla haijajibiwa kule.

Mkate ulikaa kwenye sahani kando ya kitanda. Bibi hakutaka uondolewe, wala hakuugusa. Alikuwa akiutazama kama mtu anayetazama mgeni asiyemkumbuka jina. Ulipoanza kuota ukungu Mama aliutupa wakati Bibi amelala. Alfajiri ya Jumatatu iliyofuata, Bibi alifariki. Tulimzika adhuhuri, watu wengi, jua limetoka.

Nimejaribu kuipanga safari hii nione ni nani aliyefanya makosa. Bibi alimzika mama yake kwa wakati. Bi Rukia alisamehe kwa namna aliyoijua. Afisa yule aliilinda migomba ya watu, yetu ikiwemo. Nami nilisema kweli mlango mwekundu, nikasema kweli chumbani. Nilikuwa naamini kwamba kweli ikisemwa vizuri hujisimamia yenyewe. Nimejifunza kwamba hapana. Huulizwa kwanza imetoka mdomo wa nani, na mtu aliyeishi miaka yake yote akidai ushahidi kwa wengine hana cha kuwapa siku akiwa hana ushahidi.

Jioni ya mazishi, watu walipoanza kupungua barazani, simu yangu ililia. Alikuwa Bi Rukia. Mwanawe alikuwa ameshampa habari. Hakulia, hakuuliza saa wala mahali. Aliuliza neno moja.

"Alikula?"

Nikasema, "Alikula."

Akasema alhamdulillahi, mara mbili, taratibu, kisha akakata simu. Hakunitaka niape.