Kufuli Tatu za Stoo ya Bibi

Usiku ule nililala na viatu miguuni, hotelini, katika mji wa ugenini wenye baridi ya kuingia mifupani. Mkutano wetu ulikuwa ukingoni mwa kuvunjika. Nchi zilikuwa zimekubali kusalimisha mabomu yao ya nyuklia na kuunda shirika la kuyalinda hadi yateketezwe, lakini ibara ya funguo za maghala ilitukwamisha. Kila taifa lilitaka zishikwe na rafiki zake. Mimi ndiye niliyeongoza kamati ya kuiandika, na nilishachoka kubembeleza watu wazima.

Mara niko Muheza, uani kwa Bibi Mwanaisha, mama yake baba, aliyefariki nikiwa sekondari. Amesimama mbele ya stoo ya kikundi chao cha akina mama, ile ya masufuria ya shughuli. Kufuli tatu zinaning'inia mlangoni kama zamani.

"Mume wangu, umekonda," ananitania, kama alivyozoea. "Huko Ulaya wanakunyima ugali?"

Namweleza shida yangu. Anacheka mpaka kanga inamdondoka begani. Ufunguo mmoja anao yeye, wa pili anao katibu wa kikundi, aliyesimama kando yake. Kisha anaingia Bi Zuhura, marehemu naye, ambaye Bibi hakusalimiana naye tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Ufunguo wa tatu umening'inia shingoni mwa Zuhura huyo.

Nauliza kwa nini wampe huyu, jamani, wakati wanawake wamejaa mtaani.

"Rafiki yangu atanifumbia macho," Bibi anasema. "Zuhura hapepesi hata kope. Ndiyo maana hapajapotea hata mfuniko."

Bi Zuhura anasonya, lakini anafungua, na wenzake wanafungua. Ndani si stoo tena. Ni ukumbi wetu wa mkutano, wajumbe wote wamesimama, na Bibi anapiga vigelegele. Nalia kwa furaha wala sioni haya.

Nikaamka na vigelegele vile masikioni. Asubuhi nikapendekeza kila ghala liwe na kufuli tatu: ya mwenye mabomu, ya shirika, na ya tatu ya nchi isiyomwamini kabisa mwenye mabomu. Kisha balozi aliyetupinga tangu mwanzo akainua kibao cha nchi yake kukubali, na wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, hadi safu ya mwisho. Ibara ikapita.

Kwenye korido balozi yule akanishika mkono, akaniuliza nani aliyenipa wazo lile.

Nikamwambia ni mke wangu, wa Muheza.