Heldur Aingia kwa Mlango wa Mbele

Heldur Laanes alisafisha dohani za Mji Mkongwe wa Tallinn kwa miaka arobaini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakupata kuingia jumba hata moja kwa mlango wa mbele. Alipitia uani, akapanda ngazi za nyuma hadi darini, akatokea juu ya vigae na kamba yake na brashi. Kuzoa masizi chini ilikuwa kazi ya mwenzake. Heldur, mwembamba asiyeogopa kimo, alikuwa mtu wa juu. Barabarani watu walimgusa vifungo vya koti wapate bahati, kisha wakajifuta vidole.

Goti lilipokataa ngazi, akastaafu. Mimi nakaa chumba cha chini yake huku mtaa wa Kalamaja, basi majira yote ya baridi nilimsikia akienda dirishani, mlangoni, dirishani tena. Dada yake mkubwa, Salme, mwalimu wa hesabu mstaafu, akachoka naye.

"Vaa koti," alimwambia asubuhi moja ya Februari. "Twende makumbusho."

"Kufanya nini?"

"Kutazama! Watu wanatoka Japani kuja kutazama, wewe unakodolea ukuta."

"Majumba yale nayajua yote, Salme."

"Unayajua kama kunguru anavyoyajua."

Wakaenda kwenye jumba la mawe la mfanyabiashara wa kale, sasa makumbusho, jembamba kwa mbele, refu kwa nyuma. Mlangoni Heldur alivua kofia, akakung'uta theluji viatuni, akakung'uta tena.

"Ingia basi, bwana harusi," Salme akamsukuma.

Aliniambia baadaye kwamba kabla ya kushika kitasa aliitazama mikono yake. Ilikuwa safi. Aliitazama tu.

Ukumbi ulikuwa na kimo kama cha kanisa. Boriti za darini zilichorwa zabibu na maua mekundu, rangi imefifia lakini ipo, na jua la baridi liliingia kwa dirisha refu likazilalia. Heldur akainua kichwa, asikishushe.

"Nilikuwa natembea juu ya haya," alisema. "Salme, nilikuwa nayakanyaga haya."

Salme naye akainua kichwa.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na jiko la zamani: meko ya mawe, na juu yake dohani pana, ambayo mtu mzima husimama ndani yake akanyoosha mikono. Kamba nyekundu ilizuia wageni. Heldur akainama, akapita chini yake.

"Mzee! Mzee, rudi huku!" Msimamizi, mwanamke aitwaye Külli, aliruka kitini. "Unadhani hii kamba tumeweka ya kuanikia nguo?"

"Samahani, binti. Dohani hii nimeiteremkia miaka mingi. Huku chini sijawahi kufika."

Külli akamtazama, akamtazama Salme.

"Ni kweli," alisema Salme. "Ni mdogo wangu. Hana akili, lakini hasemi uongo."

"Dakika moja. Na usiguse kitu."

Heldur alisimama mekoni, akatazama juu.

Enzi zile alikuwa akiteremka kwa kamba, uso umekaribia tofali, taa ikimwonyesha matofali matatu manne na baada ya hapo giza. Hivyo ndivyo alivyoijua. Sasa kileleni wamefunika kioo, na mwanga ulimwagika hadi miguuni pake. Aliiona nzima: kuta nne zikipanda na kukaribiana taratibu, safu juu ya safu, hakuna hata moja iliyopinda, mpaka kipande kidogo cha mbingu. Na kila mahali, juu hadi chini, majina ya wasafishaji yaliyokwaruzwa kwa msumari. Mengine aliyajua. Lakini usawa wa kifua chake, chini ya pale kamba ilipokuwa ikiishia, palikuwa na moja asilowahi kuliona: herufi mbili, mwaka 1688, na ngazi ndogo iliyochorwa kwa mikwaruzo minne.

Alisimama hapo hadi Külli akaingiwa na wasiwasi.

"Mzee, uko salama?"

"Njoo uone."

Külli akapita chini ya kamba yake mwenyewe. Wakasimama bega kwa bega.

"Mungu wangu," alisema hatimaye. "Miaka kumi na mmoja nakaa kile kiti pale."

Heldur alikuwa akilia bila sauti, machozi yakimtiririka, wala hakujifuta.

Tangu siku hiyo walitoka kila Jumatano, yeye na Salme: makanisa, minara ya ngome, ukumbi wa baraza. Mwezi wa Machi, katika makumbusho mengine, walikuta kiatu cha mtoto kilichofukuliwa kisimani, cha ngozi, cha miaka mia tano, kimekatwa mbele ili vidole vinavyokua vipate nafasi. Heldur alikitazama hadi wahudumu wakamletea kiti. Tramu ikawaacha. Walirudi kwa miguu katika mvua ya barafu, na Salme anasema mtu yule, asiyefikisha maneno kumi kwa siku, alizungumza njia nzima juu ya mama wa mtoto yule, aliyeshika kisu, akapima kidole cha mwanawe, akakata ngozi ya kiatu kwa uangalifu.