Kiboko Ambaye Hakuandikwa

Nilisimama mbele ya darasa zima nikasoma kwa sauti habari za kiboko, na katika daftari nililoshika hapakuwa na kiboko hata mmoja. Ukurasa ule ulikuwa na mambo mengine. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sijawahi tena kusema uongo mrefu kama ule.

Daftari halikuwa langu. Lilikuwa la msichana niliyekaa naye dawati moja katika mwaka wetu wa kwanza wa sekondari, Bujumbura, vita vikiwa vimeshakuwa sehemu ya ratiba yetu. Yeye na shangazi yake walikuwa wameshuka kutoka Gihosha na vitu vilivyoenea kwenye mashuka mawili tu, wakapanga chumba kwetu Buyenzi, kwa fundi cherehani mmoja mzee. Kiswahili alikuwa bado anajifunza. Akikwama aliingiza neno la Kirundi na kuendelea mbele bila aibu. Penseli yake aliichonga kwa wembe, na maganda aliyaweka ndani ya kiberiti kitupu, sikuwahi kujua kwa nini. Tukinunua andazi moja, yeye alikula kingo akaniachia katikati, akidai kingo ndizo tamu. Nilikuja kugundua baadaye sana kwamba hakuna mtu anayeamini hivyo.

Mwalimu wetu wa Kifaransa alipenda hadithi za mashujaa. Alitusomea akitembea kati ya madawati, kitabu mkono mmoja, mkono mwingine mgongoni. Katika hadithi zake zote jasiri alikwenda mbele na mwoga aligeuka nyuma, na wa nyuma ndiye aliyekufa kwanza. Nilimwamini. Mchana milio ya bunduki iliposikika kutoka milimani, mama akatulaza chini ya kitanda, mimi nilichukua kitabu nikasoma huko huko chini, nikiwa na hakika kwamba siku yangu ikifika nitakwenda mbele.

Kisha akatupa insha: siku niliyoogopa.

"Andikeni ukweli," alisema. "Nitasoma mimi peke yangu."

Watoto wa mji ule walikuwa wamefundishwa vizuri na vita. Ukweli uliachwa nyumbani. Ukisema ulikimbia kutoka wapi, na ulikimbia kelele za nani, tayari umeshasema wewe ni nani, na wa upande gani. Darasani tulichanganyika, wa Musaga, wa Gihosha, wa Buyenzi, na tulikuwa tumejua bila kuambiwa jinsi ya kukaa pamoja bila kuulizana. Kwa hiyo karibu darasa zima liliandika juu ya wanyama. Nyoka walikuwa wengi. Kulikuwa na simba mmoja, wa mvulana ambaye mnyama mkubwa aliyepata kumwona ni ng'ombe. Mimi niliandika juu ya mbwa.

Rafiki yangu aliandika ukweli. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake: aliambiwa andika ukweli, naye akaandika.

Siku ya insha mwalimu alibadili mawazo. Alikuwa na desturi ya kutufanya tubadilishane madaftari, kila mtu asome ya jirani yake, kwa sababu, alisema, mwenye insha husahihisha kwa mdomo makosa yaliyofanywa na mkono. Siku ile, labda kwa uchovu, alirudia desturi yake. Zamu yetu ilipofika nikasimama, nikafungua daftari la rafiki yangu.

Mstari wa kwanza ulisema kwamba siku aliyoogopa ni jana, na leo, na kesho pia, kwa sababu kaka yake yumo ndani ya dari ya nyumba ya fundi. Mistari iliyofuata ilieleza ngazi inafichwa wapi.

Madawati mawili nyuma yetu alikaa mvulana ambaye kaka yake alikuwa mmoja wa vijana wa makundi ya vita waliokuwa wakipita mtaani kumuulizia kaka wa rafiki yangu kwa jina. Sote tulijua. Alikuwa akijisifu nalo saa ya mapumziko.

Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya dawati, kama mtu anayepekuliwa.

"Siku niliyoogopa," nikasoma, "kiboko alitoka ziwani."

Nikamfanya kiboko atembee. Nikampa masikio madogo, nikampa mdomo wenye majani. Nyuma mtu akadakia:

"Gihosha? Kiboko amepanda mulima mpaka Gihosha? Alilipa basi?"

Darasa likacheka. Niligeuza ukurasa, ambao haukuhitaji kugeuzwa, nikasema kwamba haya yalitokea Kajaga, kando ya ziwa, kwa mjomba, wakati wa likizo. Wakati huo mwalimu alikuwa ameshaanza kutembea. Alikuja akasimama nyuma ya bega langu. Nikaendelea. Nilipitisha kidole chini ya maneno ya dari na ngazi, na mdomoni nikamtoa mjomba na sufuria anaipiga kwa mwiko, mpaka kiboko akarudi majini.

"Keti," mwalimu alisema. "Sarufi nzuri."

Siku ile hakukusanya madaftari.

Tulirudi nyumbani pamoja mpaka tulipovuka barabara ya kuingia mtaani kwetu. Hapo akasimama.

"Kiboko! Kwa nini kiboko?"

"Sikukuwa na kitu kingine mu kichwa."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka kicheko kikiwa kimekwisha.

"Sasa na we unajua," akasema.

"Mi sijui kitu."

"Unajua."

"Basi, najua."

"Na we uliogopa?"

"Niligeuza ukurasa bila sababu."

"Niliona. Nilifikiri watu wote wameona."

Alichana ule ukurasa vipande vidogo kama kucha, akavimwaga kwenye mfereji wa maji machafu, tukasimama pale mpaka kipande cha mwisho kilipopita chini ya daraja. Darasani walimwita Kiboko tangu siku ile. Aliitika. Mimi nilianza kubeba mkate nusu zaidi kutoka nyumbani, nikamwachia mlangoni kwao bila kusema ni wa nani, na mama hakuuliza mkate unakwenda wapi.

Ijumaa moja hakuja shuleni. Jumatatu pia. Nilikwenda kwa fundi, akanijibu bila kuinua macho kwenye cherehani: "Wamesafiri."

Muhula mzima nilikaa upande wangu tu wa dawati, nikimwachia nafasi yake. Mwalimu hakumweka mtu mwingine pale. Vita vilipopungua nikawa nawauliza wafanyabiashara waliotoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, kama wamemwona msichana wa namna hii na hii. Nilimweleza kwa kimo chake, kwa meno, kwa namna ya kuchonga penseli. Waliniambia kwa upole kwamba wasichana ni wengi. Sasa atakuwa mwanamke mzima, na kila mwaka maelezo yangu yanazidi kuwa ya mtu asiyekuwepo. Bado andazi nalila kingo kwanza. Si tamu.

Vita vilipokwisha ndipo fundi aliponieleza yale ya Ijumaa ile. Alikuwa amezidi kuzeeka, uzi akitungiwa na mjukuu wake wa kike.

"Nilimshonea yule kaka yake kanzu," alisema. "Nilimpima kwa macho tu. Shangazi na yule binti walitangulia Kajaga asubuhi, njia ya mpakani, wamngoje huko. Yeye tukatoka naye saa ya swala, wazee watatu, yeye katikati. Vijana walikuwa pale pale penye kona. Wakatuamkia. Tukaitika."

"Na yeye?"

"Aliitika kutuzidi sisi."

Msikitini fundi alimweka kijana safu ya mwisho, karibu na mlango, yeye mwenyewe akiwa mbele yake. Kijana hakuwahi kuswali maishani mwake. Fundi alikuwa akisikia kanzu mpya ikichelewa kuinama nyuma yake, kila mara ikichelewa. Mwishoni haikusikika tena. Alipotoa salamu na kugeuka, nafasi ilikuwa tupu. Gari la mtu mmoja lililopangwa kumpeleka Kajaga lilingoja mpaka alasiri, kisha likaondoka bila yeye.

"Labda alikwenda kwa miguu," nikasema.

"Labda."

"Viatu vyake je?"

"Nilitazama mlangoni. Havikuwepo."

"Basi alitoka navyo, mzee. Hakukamatwa. Aliyekamatwa havai viatu."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Mwanangu," alisema, "msikiti ule viatu vinapotea kila Ijumaa."