Fidele Asiyesalimia

Ukitaka kumchafulia mtu jina Kasulu, usimwite mwizi. Mwizi ana ndugu, watamtetea. Sema tu, "Yule hasalimii," uone kama kesho hata muuza maharage hatampunja. Na hilo ndilo lililokuwa likisemwa juu ya Fidele Nduwayezu, fundi wa kukata zege, mzaliwa wa Nyakitonto, mwenye miaka thelathini na minne na uchumba unaoning'inia.

Uchumba wenyewe ulikuwa na Irakoze wa Kakonko. Irakoze alishakubali. Aliyebaki ni mama yake, Bi Consolée, naye habari zilishamfikia. "Mtu wa kiburi simpi binti yangu," alisema. Irakoze akapiga simu: "Mama anakuja kukuona, siku sijui. Akikupigia makofi, umwitikie hata kama nyumba inaungua. Akikukataa, mimi sina mdomo wa kumpinga."

Sasa, salamu ya Muha, mwenyeji wa Kasulu, si "mambo" na "poa" za redioni. Unaacha ulichoshika, unainama, unapiga makofi polepole kwa viganja vyote viwili, na unauliza habari za nyumbani mpaka za mbuzi. Zamani Fidele alikuwa bingwa wa salamu hizo, na ndizo zilizomponza. Mwaka juzi alikuwa Kibondo anakata sakafu kwa mashine yake ya mafuta, ile ya kushika mkononi, yenye diski pana kama sahani ya pilau. Mzee mmoja akapita, akamsalimu kwa Kiha: "Mwakeye!" Fidele akaachia mkono mmoja ili apige makofi. Jamani, makofi ya mkono mmoja yanapigwaje? Mashine ikaruka, ikatua kwenye buti, ikala ncha yote. Vidole vya mguu vikabaki vinachungulia nje, vizima, vinashangaa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Fidele alilisikia la mkuu vizuri kabisa, na guu likaponea chupuchupu.

Tangu siku hiyo akaapa: diski ikizunguka, hasalimii mtu, awe askofu, awe shehe. Kabla ya kuwasha hukagua diski kama ina ufa, hutikisa kinga yake kuona imekaza, huvaa miwani, barakoa, vizibo vya masikio na buti lenye chuma, hufunga kamba watu wasisogee, kisha hufungulia maji ya kutuliza vumbi. Wenzake humcheka: "Fidele, unakwenda vitani au unakata varanda?" Naye huwajibu kwamba vidole havina spea.

Basi, asubuhi ya Jumanne alikuwa mbele ya duka la Omary, mjini Kasulu, anakata varanda ili mfereji upite. Mara mwanamke wa kitenge kipya akaja kusimama kwenye kamba. Fidele alimtambua kwa pua: ni pua ya Irakoze, ila imekula chumvi nyingi.

Bi Consolée akainama, akapiga makofi. "Mwakeye!"

Fidele akaitoa diski kwenye zege taratibu, akazima injini. Lakini diski haisimami kwa kuombwa. Ilizunguka, ikazunguka, naye ameikumbatia mashine kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Makofi ya pili yakalia, makubwa zaidi. Angetikisa kichwa, lakini kumtikisia mkwe kichwa ni tusi kuliko kunyamaza.

Omary akatoka dukani kuokoa jahazi. "Karibu mama. Usimlaumu, masikio ameyaziba."

"Ameziba masikio asinisikie mimi?"

Loo, Omary, si bora ungenyamaza! Bi Consolée akajifunga kitenge vizuri, akageuka kuondoka.

Diski ikasimama. Fidele akaiweka mashine chini, akang'oa vizibo, miwani, barakoa, akaruka kamba, akapiga magoti kwenye udongo mwekundu mbele ya mama yule. Akapiga makofi mpaka vumbi likaruka. "Mwakeye mama, mwakeye! Nyumbani hawajambo? Mihogo haijambo? Mbuzi je?"

Bi Consolée hakuitikia. Aliishika mikono yake, akaigeuza, akahesabu vidole kimoja kimoja. Kumi.

"Baba yake Irakoze alikuwa anapasua mbao kwa mashine kule Kasanda," alisema polepole. "Mimi ndiye niliyempelekea chakula. Nikampigia makofi, akaniitikia." Akaiachia mikono ya Fidele. "Miaka kumi na mmoja alinisalimia kwa kupiga paja kwa mkono uliobaki, mpaka nikamzika. Inuka, mwanangu, umalize kazi ya watu."

Akaketi kwenye kreti ya soda ya Omary. Fidele akavaa upya kila kitu, akawasha. Hajakata hata hatua moja, mzee mwenye baiskeli ya ndizi akasimama, akaanza kupiga makofi: "Mwakeye, fundi!"

Bi Consolée akaruka kutoka kwenye kreti. "Pita, baba! Pita na salamu zako! Mwache mkwe wangu akate!"

Sauti ile ilipenya injini na vizibo vyote. Fidele hakugeuka. Mikono miwili ilikuwa kwenye mashine, na machozi yakamjaa ndani ya miwani bila mtu wa kuyafuta.